Bibi wa Kopa Yuko kwa Nani?

Ghulamu wa shupaza!

Ndiyo, msomaji, Jumapili iliyopita macho yako hayakukudanganya. Mke wa Kitinda alimtupa ghulamu wa shupaza mezani kama mtu anayetupa ganda la ndizi, na hata kumtazama mumewe hakumtazama.

Kitinda aliinama juu ya ile karata.

"Mke wangu, una hakika?" ilimtoka.

"Hee! Hakuna kuulizana!" Dada alimkatiza. "Mezani hapa hakuna mume wala mke. Karata imeshalala."

"Imelala na imejifunika shuka," shemeji akadakia. "Hiyo hata ukiipigia ngoma haiamki."

"Na wewe nyamaza. Wewe ni bubu," Dada alimwambia.

Shemeji akanyamaza, yaani kwa kipimo chake cha kunyamaza: akaanza kupiga mluzi.

Kwa yule ambaye gazeti lake la wiki jana jirani alilifungia misumari, tumweleze haraka, maana muda hatuna. Mezani wako wanne. Kitinda, kitindamimba wa familia, ni fundi wa miwani, mtu wa vidole vyepesi anayeweza kufunga skrubu ndogo kuliko punje ya mchele huku anapiga chafya. Mwenzake katika mchezo, anayemkabili, ni mkewe. Upande wa pili yupo Dada, mkuu wa wauguzi, mwanamke ambaye akiingia wodini hata homa hushuka kwa adabu. Mwenzake Dada ni mumewe, yule shemeji, dalali wa nyumba. Mchezo ni briji, na katika briji mwenza wa aliyenadi mizunguko mingi zaidi huzilaza karata zake zote wazi mezani, naye huketi tu bila neno. Ndiyo maana huitwa bubu. Kumpa dalali kazi ya ububu ni kumpa samaki kazi ya kupanda miti.

Wa tano ni Baba. Ameketi kwenye kiti cha mito nyuma ya bega la Kitinda.

Na wanachochezea si pesa. Wanamchezea Baba.

Dada amekuja na gari kumchukua, aende akaishi kwake, ghorofa ya nne, kwenye mji ambao hamjui hata muuza magazeti wake. Kitinda hataki. Walibishana mpaka vikombe vikatetemeka kabatini, ndipo Baba alipopiga meza: "Basi! Mtacheza. Mkono mmoja. Atakayeshinda, nitaishi kwake."

Dada alinadi juu sana. Bila turufu, ameahidi kula mizunguko kumi na miwili kati ya kumi na mitatu. Mmoja ameshaupoteza. Akipoteza mwingine, Baba anabaki. Asipopoteza, Baba analala kwake.

Kuna jambo moja Dada halijui, na Kitinda amelimeza kama mtu aliyemeza mfupa.

Baba anasahau.

Si kusahau kofia. Anasahau mwaka. Anatoka asubuhi kwenda kazini kwenye kiwanda cha chapa kilichobomolewa zamani, na kinyozi wa kona humshika mkono: "Mzee, leo hakuna kazi, twende nyumbani." Akikosekana kinyozi, yupo mama wa duka la mkaa. Mtaa mzima unamrudisha. Kule ghorofa ya nne nani atamrudisha? Ngazi?

Kwa hiyo Kitinda hawezi kumwambia Dada kwamba Baba anahitaji mtaa wake, maana Dada akisikia tu neno "anasahau," muuguzi ndani yake ataamka, atambeba Baba leo leo, na mlango utafungwa kwa komeo. Akisema, amepoteza. Asiposema, zimebaki karata.

Na karata zenyewe ndizo hizi.

Kitinda alitupa pau ndogo kumjibu ghulamu wa mkewe, akabaki na nne mkononi: bibi wa shupaza, bibi wa kopa, saba ya kopa, na kumi ya pau.

Aliitazama meza. Katika karata zilizolazwa za shemeji kulikuwa na uru mbili ambazo hakuna wa kuzila, na kumi ya shupaza inayomngoja bibi wa shupaza aondoke ili nayo itawale. Mkononi mwa Dada, Kitinda alishasoma tangu wakati wa kunadi, mlikuwa na ree ya kopa, karata inayomla hata bibi, na ghulamu wa kopa; mfalme alishapita.

"Koleo," alijisemea moyoni.

Ndivyo Baba alivyouita mtego huu alipowafundisha watoto wake, wakati ule anarudi kazini na wino kwenye kucha. Mtu mmoja analinda milango miwili. Adui anacheza karata ambazo huwezi kuzila, na kwa kila moja lazima utupe yako. Unatupa za bure. Za bure zinaisha. Halafu lazima ufungue mlango mmoja kwa mkono wako mwenyewe.

Bibi wa shupaza akimtupa, kumi ya mezani imepona. Saba ya kopa akiitupa, bibi wa kopa anabaki bila mlinzi: Dada akishusha ree, bibi anakufa, na ghulamu wa kopa anatembea kifua mbele.

Ghulamu wa shupaza alipokuwa kwa mkewe, mlango wa shupaza ulikuwa na walinzi wawili. Kitinda angeweza kumwaga bibi yake wa shupaza bila wasiwasi. Sasa ameachwa peke yake.

Na mkewe hakosei. Huyo alifundishwa na Baba mwenyewe, mchana baada ya mchana, Kitinda akiwa dukani. Anahesabu karata kama mtu anavyohesabu wanawe wakati wa kulala.

"Amechoka tu," Kitinda alijidanganya. "Mkono umeteleza."

"Uru," alisema Dada, akainyoosha kutoka karata za mezani.

Mkewe akatupa pau. Dada akatupa yake ya bure. Ikawa zamu ya Kitinda.

Hapo ndipo alipoinua macho na kugundua jambo lililomfanya ajione mjinga wa miaka yote. Dada hatazami karata zinazoanguka. Anatazama vidole vyake.

Msomaji, ukoo huu una ugonjwa mmoja. Baba alikuwa mpanga herufi. Maisha yake yote alisimama mbele ya sanduku la vijumba, kila herufi na kijumba chake, na alipowafundisha wanawe karata aliwafundisha vivyo hivyo: shupaza kushoto, kisha kopa, kisha pau, kisha uru. Kubwa kushoto, ndogo kulia. Aliyepanga vinginevyo alipigwa rula. Dada alipigwa mara moja. Kitinda alipigwa mpaka rula ikaomba likizo.

Kwa hiyo Dada, kwa kuangalia tu karata imechomolewa kutoka wapi, anasoma zilizobaki kama anasoma kipimajoto!

"Unafikiria nini, mdogo wangu?" Dada aliuliza, sauti laini kama pamba ya sindano. "Panauma wapi?"

"Hapaumi popote, Dada."

"Mbona unatoka jasho?"

"Chai ilikuwa ya moto."

"Hatujanywa chai," alisema shemeji.

"Bubu!"

"Samahani, mke wangu."

Kitinda alijikuna shingo. Katika kujikuna huko, karata zikashuka chini ya ukingo wa meza mara moja tu, kufumba na kufumbua, na vidole vile vya skrubu vikafanya kazi yao. Bibi wa kopa aliruka kutoka mahali pake akatua mwisho kabisa wa kulia, ng'ambo ya pau, pale ambapo tangu utoto wao hakuna kopa iliyowahi kukanyaga.

Kisha akachomoa saba ya kopa na kuiweka mezani, bila haraka, huku anapiga miayo.

Hesabu yake ilikuwa tamu. Uru inayofuata atatupa pau kumi, aichomoe katikati. Atabaki na karata moja kushoto na moja kulia. Ya kushoto, Dada atasema, ni shupaza. Ya kulia, kwa kuwa ilikuwa ng'ambo ya pau, itakuwa pau au uru. Basi bibi wa kopa hayuko kwa Kitinda. Yuko kwa mkewe! Na Dada akiamini hivyo hatashusha ree. Atamchezesha ghulamu ili amkwepe bibi upande wa mke, na bibi atamrukia kutoka upande wa Kitinda kama paka kutoka darini.

Ilikuwa mara ya kwanza maishani kumdanganya dada yake kwa karata. Moyo ulidunda mpaka akahofia shemeji atauitikia.

Dada alikunja uso. Alitazama ile saba. Alitazama zile karata tatu. Mdomo ulikuwa unahesabu bila sauti.

"Uru ya mwisho," alisema.

Mkewe akatupa pau nyingine. Dada akatupa. Vidole vya Kitinda vikaenda katikati, kwenye pau kumi...

Mkono ukatokea juu ya bega lake.

Ulikuwa mkono mkavu, wenye madoa, wa mtu aliyepanga kurasa zisizohesabika. Ulishika karata ya mwisho ya kulia kwa ncha za vidole viwili. Ukaivuta. Ukaichomeka katikati, mahali pake, baada ya shupaza na kabla ya pau. Ukazigonga karata zote tatu kwa chini, taratibu, zikakaa sawa.

"Panga vizuri, mwanangu," alisema Baba. "Ukichanganya vijumba, kesho gazeti litatoka na matusi."

Mluzi wa shemeji ulikatikia njiani.

Kitinda hakugeuka. Hakuweza. Alihisi ule mkono ukimpapasa bega mara mbili, kwa upendo, kisha ukarudi zake kitini.

Dada aliziweka karata zake mbili kifudifudi. Akaacha vidole, akamtazama mdogo wake usoni.

"Baba amegusa karata zako."

"Nimeona."

"Mtazamaji akigusa karata, mkono unavunjwa. Tunagawa upya. Sheria hiyo ya nani?"

"Ya Baba."

"Ya Baba," Dada alirudia. "Alimtoa shangazi chumbani humu kwa kuegemea tu. Sasa, mdogo wangu, haki ni yako. Dai."

Ona basi msomaji! Wokovu huo hapo, umeletwa kwenye sinia! Neno moja tu, "navunja," na koleo limefunguka, karata zinachanganywa upya, Baba anapata nafasi nyingine ya kubaki.

Kitinda alifungua mdomo.

Akaona kilichokuwa nyuma ya neno hilo. Akidai, Dada atageuka: "Baba, kwa nini umegusa?" Na Baba atajibu nini? Atajibu habari za kiwanda. Atajibu kwamba msimamizi anasubiri ukurasa wa mbele. Hapo Dada hatahitaji karata tena.

Akafunga mdomo.

"Endelea tu, Dada."

"Hudai?"

"Mzee ameteleza. Endelea."

"Baba hatelezi kwenye karata," alisema Dada polepole. "Baba angeteleza bafuni, angeteleza msikitini, angeteleza kanisani, kwenye karata hatelezi."

"Dada, nimesema endelea!"

"Usimpandishie sauti mkubwa wako," shemeji alisema, na safari hii hakuna aliyemwita bubu.

Kitinda alitupa pau kumi. Ilitoka ukingoni kulia, kila mtu aliona. Akabaki na mabibi wake wawili, wa shupaza na wa kopa, wamesimama bega kwa bega kama wajane wanaopigwa picha.

Dada aliinua kidole kuelekea mezani. "Kopa."

Nne ya kopa ikatoka katika karata za shemeji. Mkewe Kitinda akaweka tano. Mkono ulikuwa umetulia kabisa, na bado macho hayakuinuka.

Sasa Dada. Ree au ghulamu?

"Shupaza iliyobaki nje ni moja tu," alisema Dada, kama anayesoma cheti cha mgonjwa. "Karata iliyohamishwa ilitoka kulia ikaja kabla ya pau. Basi una kopa, mdogo wangu. Uliificha. Na mtu hafichi nane; anaficha bibi."

"Cheza, Dada."

"Nikicheza hii, Baba anakuja kwangu."

"Najua."

"Na hutaki kudai."

Kitinda alizilaza karata zake mbili mezani kifudifudi. Mikono yake, inayotengeneza macho ya watu, ilikuwa imelala mapajani haina kazi.

Dada akashusha ree ya kopa.

Kitinda hakuwa na la kuchagua. Kopa aliyonayo ni moja. Alimweka bibi juu ya meza, kwa heshima, kama anayemlaza.

Ghulamu wa kopa akafuata, akala karata ya mwisho. Kumi na miwili.

"Hongereni," alisema Kitinda. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine.

Shemeji alipiga makofi mara moja, akaona yuko peke yake, akaipeleka mikono mfukoni. Mkewe Kitinda akasimama, akasogea dirishani, akawapa wote mgongo.

Kitinda alimfuata. "Ghulamu," alinong'ona. "Ulimtupa kwa nini? Ungetupa kopa ningeokoka. Unajua ningeokoka!"

"Najua."

"Basi kwa nini?"

"Wewe unamwona akiwa amesharudishwa," mkewe alijibu kwa sauti ya chini. "Mimi ndiye ninayemtafuta. Juzi nilimkuta katikati ya barabara kuu, anaelekeza malori. Ananiambia nipite upesi, gazeti linachapwa. Nimekwambia mara ngapi? Unasema kinyozi yupo. Kinyozi si mkwe wake. Nimechoka, mume wangu. Mikono yangu imechoka."

Kitinda alitaka kukasirika, hasira nayo ikakataa kuja.

"Haya Baba," Dada alikuwa anasema nyuma yao, ameshashika mkoba wake. "Umesikia mwenyewe. Twende, giza lisitukute njiani."

Baba hakwenda mlangoni. Aliinuka, akakiendea kiti cha mkwewe kilichoachwa wazi, akakivuta kidogo pembeni kama anavyomvutia mtu mwenye heshima yake. Kisha akajikalisha kwenye kiti cha Kitinda. Akazikusanya karata zote kwa viganja viwili.

Lo, mikono hiyo! Alizichanganya zikalia kama njiwa wanaoruka. Akagawa. Moja kwa Dada. Moja kwake. Moja kwa shemeji. Moja kwenye kiti kitupu. Zikaanguka kila moja mahali pake, hakuna iliyopinda, mpaka zikaisha.

"Baba, mkono ulikuwa mmoja," Dada alicheka kidogo. "Tunaondoka. Na hapo mbona umegawa, hakuna mtu?"

Baba alimtazama kwa subira.

"Za mama yenu hizo," alisema. "Mwiteni jikoni. Mwambieni karata zake tayari."

Mkoba wa Dada ulianguka sakafuni.

Ni yeye aliyemfumba Mama macho, wodini kwake, kwa mikono yake. Ni yeye aliyemletea Baba habari. Sasa Baba alikuwa amenyoosha shingo kuelekea jikoni, anatabasamu, anasubiri mlango ufunguke.

Dada aliketi. Aliichukua karata moja ya kile kiti kitupu, akaigeuza, akairudisha kifudifudi, kama aliyeona asichopaswa kukiona.

"Tangu lini?" aliuliza.

Kitinda alifungua mdomo. Kisha akainama kuuokota mkoba wa dada yake.

"Nakuuliza wewe. Tangu lini, na kwa nini sikuambiwa?"

"Usimwulize yeye, wifi." Mkewe Kitinda alikuwa ameondoka dirishani. "Huyu alificha, kweli. Lakini mimi nilipiga simu kwako. Nilipiga, nikalia, nikaeleza kila kitu tangu mwanzo. Aliyepokea akaniambia atakufikishia. Nilipopiga tena akaniomba nisikwambie kamwe, na akanihakikishia kwamba Baba ataletwa kwenu kabla mwezi haujaisha."

"Nani aliyepokea simu yangu?"

Dada alimgeukia mumewe taratibu, na mle chumbani ulisikika mkono wa Baba tu, ukizigonga karata zake mezani zikae sawa.

"Baba watoto," alisema Dada. "Ulimtakia nini baba yangu, wewe dalali wa nyumba?"

Shemeji aliutazama mlango. Mke wa Kitinda alikuwa ameshauegemea kwa mgongo.